Bosi, unafungua saa ngapi?

"Bosi, unafungua saa ngapi?"

Aliniuliza akiwa mlangoni mwa karakana, mkoba begani, kile kipande cha sabuni anachochorea marinda bado kimo kiganjani. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 13 Januari 2025, kama saa tisa na nusu alasiri. Rajabu, mmoja wa miezi mitukufu ya Kiislamu, mwaka huo iliingia bega kwa bega na mwaka mpya wa Wazungu, nami nilikuwa nimefunga.

Dakika moja kabla ya hapo alikuwa ameniulizia pesa zake. Nikamjibu: "Nimefunga leo, mama. Usinichokoze."

Sikupandisha sauti. Nilisema kwa upole, ule upole wa mtu aliyefunga ambaye angependa watu wajue kwamba amefunga.

Nilitegemea aende zake. Badala yake akauliza ninafungua saa ngapi. Nikasema saa kumi na mbili na dakika arobaini na kitu. Akatazama simu yake, akavuta kigoda kilichokuwa chini ya meza ya kukatia, akaketi.

"Sawa. Nitangoja."

Akangoja saa tatu.

## Tende tatu

Karakana yetu iko ghorofa ya pili, upande wa Majengo, Nairobi, unaoshuka kuelekea soko la Gikomba. Cherehani sita, ovaloki moja, majora ya kitambaa yameegemezwa ukutani kama wazee barazani. Tunashona sare za shule. Yeye ndiye fundi wangu wa sketi za marinda, na sijaona mwenye mkono kama wake: hapimi kwa futi, anachora mstari mmoja wa sabuni, halafu marinda mengine yote anayakunja kwa ukucha wa kidole gumba, na ukiyapima baadaye yanalingana.

Kwa zile saa tatu hakununa. Hilo ndilo lililonichosha. Alichukua sketi iliyokuwa mezani, kazi ya fundi mwingine, akaanza kufumua nyuzi za bandi, ule mshono wa muda, moja moja, akizikusanya pajani. Alikuwa ananifanyia kazi ya bure huku anadai malipo ya kazi aliyokwisha kufanya. Mimi nilijifanya nina shughuli na daftari.

Adhana ya Magharibi ikapanda kutoka msikiti wa Riyadha. Nikafungua kopo la tende, nikala zangu, nikampa na yeye. Nilimpa tatu, kwa sababu sunna ni kula witri, idadi isiyogawanyika kwa mbili, na mimi bwana ni mtu wa sunna.

Akala moja polepole. Kokwa akaitia kiganjani, pamoja na ile sabuni. Mbili zilizobaki akazifunga kwenye kipande cha kitambaa cha buluu, akazitia mkobani. Kisha akanitazama.

Nikatoa simu, nikamtumia shilingi elfu mbili kwa M-Pesa.

Deni lilikuwa 18,600.

"Nyingine mwisho wa mwezi, inshallah."

"Asante, bosi," akasema, akashuka ngazi.

## Daftari halikuwa na kosa

Mjue kwanza kwamba sikuwahi kumkana. Sketi 124, shilingi 150 kila moja, zote zimeandikwa kwa mkono wangu. Kilichokuwa kikibadilika ni tarehe tu. Pembeni mwa jina lake palikuwa pameandikwa 31 Disemba, pakakatwa. Pakaandikwa 5 Januari, pakakatwa. "Ijumaa", pakakatwa. Mwisho wa mwezi ilikuwa tarehe ya nne.

Sababu ninazo, na ni za kweli. Shule moja iliyochukua mzigo mkubwa mwezi wa Novemba haijanilipa mpaka nikiandika haya. Njaanuari sihitaji kuwaeleza watu wa Nairobi. Na kodi ya karakana hailipwi kwa inshallah.

Lakini kulikuwa na elfu arobaini.

Elfu arobaini hizo zilikuwa akiba ya umra ya mama yangu, awamu ya pili, ya kulipwa tarehe 20. Mama alitaka kwenda Makka mwezi huo wa Rajabu, na kwangu pesa zile hazikuwa hata pesa. Zilikuwa amana. Mtu akiniuliza kama nina pesa nilikuwa nasema sina, na moyo wangu hausemi kitu.

## Kwa mama yangu mwaka hauanzii Muharram

Mama ni mzaliwa wa Majengo, na miezi anaihesabu kwa mifunguo, kama alivyofunzwa na bibi yake. Mwaka kwake unaanza watu wakishafungua Ramadhani: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Mfunguo Tisa. Hapo hesabu inakoma, kwa sababu inayofuata ni miezi isiyohitaji namba. Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Ukimwambia Muharram ndio mwezi wa kwanza atakwambia hiyo ni Mfunguo Nne, na atakutazama kama mtu aliyepotea njia ya kwao.

Basi katika ile miezi minne mitukufu, ya kuweka silaha chini, inayotajwa katika Suratut Tawba, mitatu imefuatana: Mfunguo Pili, Tatu na Nne. Wa nne umekaa peke yake upande wa pili wa mwaka. Ndio Rajabu. Wanazuoni wamelieleza hilo vizuri: mitatu ya mfululizo ilimpa msafiri amani ya kwenda hija, kuhiji na kurudi kwao, na huu wa peke yake ukawapa watu nafasi ya kuzuru Makka katikati ya mwaka bila kuvamiwa njiani.

Mama anafunga Rajabu tangu nikiwa mtoto. Jumatatu, Alhamisi, siku nyeupe za katikati ya mwezi, na ishirini na saba ambayo haikosi. "Rajabu ya kupanda, Shaabani ya kumwagilia, Ramadhani ya kuvuna," husema akiloweka kunde za futari. Mimi nilikua nikifunga pamoja naye, nikaacha, nikarudi. Katikati ya kuacha na kurudi nilipita ule umri wa kijana aliyesoma vitabu viwili na kugundua kwamba wazazi wake wote ni watu wa bidaa, yaani uzushi katika dini. Nashukuru kwamba mama hanikumbushi maneno niliyomwambia miaka ile.

Mwaka huu ujumbe wa Rajabu ulianza kunifikia hata kabla ya mwezi kuandama. Mawaridi, taa za misikiti, thawabu za miaka sitini kwa siku moja, na amri ya kusambaza kwa watu kumi. Nusu saa baadaye kundi lilelile likaletewa sauti ya shekhe anayesema yote hayo ni uzushi. Wakagombana hadi usiku wa manane. Mimi sikugombana. Nilinuia kufunga, nikalala, nikajiona mtu wa maana.

## Nilikwenda na swali la uoga

Usiku wa Jumanne, baada ya Isha, nilimfuata ustadhi aliyenifundisha madrasa. Ni mzee sasa, anakaa nyuma ya duka la mwanawe. Sikumweleza habari za fundi. Nilimuuliza hukumu ya kufunga Rajabu.

Akanipa jibu refu, naye hufurahi akiulizwa. Kwamba Ibn Hajar al-Asqalani, mwanachuoni mkubwa wa hadithi, aliandika kitabu kizima juu ya yaliyopokewa kuhusu Rajabu, akasema hakuna hadithi sahihi inayotegemewa ya fadhila maalumu ya kuufunga mwezi huu. Kwamba hata hivyo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Kishafii wanapendekeza kufunga katika miezi mitukufu kwa jumla, kwa hiyo mama yako muache. Kwamba umra ya Rajabu nayo ilizua maneno tangu zamani: sahaba Ibn Umar alisema Mtume aliwahi kufanya umra katika Rajabu, Bi Aisha, mke wa Mtume, akamsahihisha, hakufanya kamwe.

Kisha akanisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, nalo limo katika Bukhari, kile kitabu cha hadithi. Waarabu kabla ya Uislamu waliuita Rajabu mwezi wa kung'oa vyuma. Ukiingia, kila mwenye mkuki au mshale alikitoa chuma chake akakitupa kando. Wengine waliuita kiziwi, kwa sababu hausikii mlio wa silaha.

"Watu wa jahilia hao," akasema. "Hawana swala, hawana funga yetu. Lakini mwezi walikuwa wanaujua wanapoingia ndani yake."

Nilitaka kuaga. Akanishika mkono.

"Sasa niambie ulichokuja nacho."

Nikamwambia. Nilipofika kwenye elfu arobaini akanikatiza.

"Unazo au huna?"

"Ninazo, lakini zimepangiwa kazi."

"Sikukuuliza zimepangiwa nini. Nimekuuliza unazo au huna."

Nikasema ninazo. Akanisomea maneno matatu ya Kiarabu ambayo nilikuwa nayajua kwa moyo tangu utotoni: *matlul ghaniyyi dhulm*. Mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhuluma. Halafu akanisomea ile aya ya miezi minne, polepole, akanyamaza alipofika kwenye *fala tadhlimu*. Tusizidhulumu nafsi zetu ndani ya miezi hiyo. Nilikuwa nimeisoma mara ngapi? Agizo lililokuja papo hapo baada ya kutajwa utukufu wa miezi hii ni hilo, dhuluma. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo mawili, *dhulm* na *tadhlimu*, kama neno moja, na ni neno moja.

Hapo nikasema kitu ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi. Nikasema: "Na yeye hata si Muislamu, ustadhi. Anasali Jumamosi."

Ustadhi hakunijibu kwa muda. Mwanawe alikuwa anafunga duka, tukasikia mlango wa chuma ukishuka.

"Mtume alifariki," akasema mwishowe, "dirii yake, vazi lake la chuma la vita, ikiwa rehani kwa Myahudi. Kwa shayiri ya watu wa nyumbani mwake. Unadhani yule Myahudi aliambiwa arudi mwisho wa mwezi kwa kuwa Mtume amefunga?"

## Waliokuwa wakihamisha miezi

Nyumbani sikulala. Nilifungua msahafu, nikaendelea na aya inayofuata, ambayo kwa kawaida huwa naipita haraka kwa kuwa inazungumzia mambo ya kale. Inataja desturi iitwayo nasii, kuahirisha.

Miezi mitatu mfululizo bila kuvamia ilikuwa mirefu kwa makabila yaliyoishi kwa kuvamia. Wakatafuta ujanja. Mtu wa ukoo wa Kinana alikuwa akisimama wakati wa hija na kutangaza: mwaka huu Muharram ni halali, utukufu wake tumeuhamishia Safar. Mwaka unaofuata anaurudisha. Miezi mitukufu ikabaki minne ileile. Qurani inasema walifanya hivyo ili idadi ilingane, na inaliita jambo hilo ziada katika kufuru.

Idadi ilikuwa inalingana.

Nikalikumbuka daftari langu. Sketi 124, shilingi 18,600, hakuna senti iliyopotea. Tarehe tu ndizo zilizohama. Na kila nilipohamisha tarehe yake niliona nimefanya wema, kwa kuwa mwingine angemkana kabisa.

Wanaojua lugha wanasema hiyo miezi inaitwa *hurum*, ukoo mmoja na haramu, na Haram ya Makka, na mahrimu, yaani jamaa asiyeoleka. Sisi Waswahili katika ukoo huo tumelishika zaidi neno haramu, tena kwa nguruwe na pombe. Lakini katika hotuba ya hija ya kuaga, mwaka 632, Mtume alitangaza kwamba zama zimerudi kwenye mzunguko wake, nasii imekwisha, miezi minne ni hii na hii na hii, na Rajabu iliyo kati ya Jumada na Shaabani. Na katika hija hiyohiyo akawaambia damu zao, mali zao na heshima zao ni haramu baina yao kama uharamu wa siku ile, katika mwezi ule, katika mji ule. Mwezi aliufanya kipimo. Kitu kilichopimwa nao ni mali ya mtu.

Na ile kauli ya "nimefunga"? Hiyo nayo ni hadithi, tena sahihi: mtu akikutukana au akitaka kupigana nawe, sema nimefunga. Fundi wangu hakunitukana wala hakutaka kupigana. Mkuki nilikuwa nao mimi, na chuma chake nilikifanya kwa funga yangu.

## Ndala mpya

Mngetarajia kesho yake nilipe. Sikulipa. Nilikaa na pesa zile mpaka Jumatatu iliyofuata, siku ya awamu, nikijiambia huenda ile shule ikalipa na kila mtu akapata chake. Niliswali istikhara, sala ya kumwomba Mungu akuchagulie, jambo ninaloona aibu kuliandika. Istikhara ya nini? Ya kulipa deni?

Jumapili usiku nilimwambia mama. Alikuwa ameketi kitandani, na chini ya kitanda palikuwa na ndala mpya alizonunua kwa ajili ya safari, bado zimefungwa kwa ule uzi wa dukani unaounganisha kushoto na kulia.

"Hizo pesa ni zako?" akauliza.

"Ni zangu, mama."

"Na za fundi ziko wapi?"

Nikakaa kimya kidogo. "Zimo humo humo."

Mama alikuwa amekwisha kuwaaga wanawake wenzake wa darasa la Alhamisi. Walimpa majina ya kuombea, ameyaandika kwenye karatasi. Alinitazama kwa muda, na sitadanganya kwamba alitabasamu. Alikasirika. Alikasirika kwamba sikumwambia tangu mwanzo, na nadhani alikasirika pia kwa safari yenyewe, kama mtu yeyote.

"Mimi nizunguke Kaaba," akasema, "na mtoto wa mwenzangu yuko nyumbani?"

Hakujua kama fundi ana mtoto. Alikisia tu, kama akina mama wanavyokisia. Lakini alikuwa anaye. Nilikuja kuambiwa na fundi wa ovaloki: binti yake wa kidato cha pili alikuwa hajarudi bweni tangu shule zilipofunguliwa tarehe 6. Hakuwa amelipiwa karo. Zile tende mbili zilikuwa zake.

Asubuhi nikatuma 16,600. Dakika ile ile nikampigia wakala wa safari kumwambia sina awamu kamili. Kiti kikapewa mwingine.

Fundi akajibu neno moja: "Imefika."

Binti alirudi shule tarehe 21.

Siku ya 27 ya Rajabu mama alifunga kama kawaida yake. Nami nilifunga. Hatukuongea sana tulipokuwa tukifuturu. Ndala zilikuwa bado chini ya kitanda, na uzi wake.

## Kinachonisumbua

Deni nimelipa, kwa hiyo marafiki wananiambia niache kujitesa. Lakini wiki mbili za yule msichana silipi kwa M-Pesa. Kule kuhamisha miezi kulikuwa na kasoro hiyo hiyo: unaweza kuweka Safar mahali pa Muharram katika hesabu, lakini aliyevamiwa Muharram alikwisha kuvamiwa.

Tena sina hakika nililipa kwa ajili gani. Kwa aya? Kwa ustadhi, ambaye angeniuliza? Au kwa ile picha ya mwanamke anayefumua nyuzi za bandi huku mimi nikingoja adhana? Nikijichunguza sana naona ni hiyo ya tatu, na sijui kama inahesabika.

Juzi niliketi na daftari, safari hii nikitafuta majina mengine yenye tarehe zilizokatwa pembeni. Yako matatu. Mmoja ni kijana wa kubeba majora, shilingi 700 tangu Novemba. Sikumbuki hata aliwahi kuniuliza.

Leo ni Shaabani. Fundi alikuja asubuhi kuchukua kitambaa cha kazi mpya, sketi arobaini. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, nimepanga na maneno. Alipofika akaanza na mengine: uzi wa buluu umekwisha, na mota ya cherehani yake inapata moto. Tukazungumza habari za mota. Yale maneno yangu yakabaki kooni, nikayasema mwishoni kwa haraka, vibaya, akiwa tayari ameinua jora.

Akalishusha.

"Bosi, ule mwezi wenu mkubwa unaanza lini?"

"Machi mosi au pili. Tunangoja uandame."

Akahesabu kwa vidole kwa muda.

"Basi ya Februari tumalize Februari."

Nikafungua daftari, nikaandika tarehe 28 pembeni mwa jina lake. Akaniomba kalamu. Akaipigia mstari chini, mara mbili, kisha akarudisha kalamu na kuchukua jora lake.